Jinsi ya Kulinganisha Mbuni na Pengwini wa Afrika: Uainishaji na Hali ya Uhifadhi, Hatua kwa Hatua

Kila ninapotoa zoezi la kulinganisha mmea mmoja na mnyama mmoja, karatasi zinazorudi zina makosa yaleyale. Jedwali limechorwa vizuri, majina ya Kilatini yamejazwa, kisha chini yake inakuja sentensi hii au inayofanana nayo: "Pengwini yuko hatarini kwa sababu ni wachache, mbuni hauko hatarini kwa sababu unalimwa kila mahali." Nusu ya kwanza haijaeleza kitu. Nusu ya pili si kweli.

Mbuni ninaousema hapa ni ule wa kahawa ya arabika. Pengwini ni yule wa Afrika, anayezaliana kwenye pwani na visiwa vya Namibia na Afrika Kusini. Nimechagua viumbe hawa kwa makusudi. Mmoja tumekua nao nyuma ya nyumba, mwingine wengi wetu tumemwona kwenye picha tu, na wote wawili wametajwa kuwa hatarini kutoweka. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, ya tano itakuangusha.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi kubwa uilaze kwa upana, rula na penseli. Usianze na kalamu ya wino, utafuta sana.
- Tawi la mbuni lenye majani, na likipatikana lenye maua au matunda. Anayeishi Kilimanjaro, Meru, Mbeya, Nyeri au Kirinyaga hana sababu ya kulikosa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba.
- Picha mbili au tatu za pengwini wa Afrika zinazoonyesha kifua na uso vizuri.
- Intaneti kwa muda wa saa moja, ufungue Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia (iucnredlist.org), pamoja na orodha ya mimea ya bustani ya Kew, Uingereza. Kwa ndege, tathmini za Orodha Nyekundu hufanywa na BirdLife International, shirika la uhifadhi wa ndege, kwa hiyo ukisoma tovuti yao unasoma chanzo chenyewe.
- Kitabu chako cha biolojia cha sekondari, kwa ajili ya kulinganisha majina ya ngazi.

## Hatua ya 1: Funga majina kabla ya kitu kingine

Kiswahili chenyewe kinakutega hapa. "Mbuni" ni mmea wa kahawa, na "mbuni" ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Kwenye sentensi tunawatofautisha kwa upatanisho: mbuni *umechanua*, mbuni *amekimbia*; mibuni *imekauka*, mbuni *wamekimbia*. Lakini kwenye kichwa cha jedwali hakuna kitenzi cha kukuokoa. Nimewahi kupokea kazi ambayo safu ya "mbuni" ilianza na mmea na kuishia na ngeli ya ndege, kwa sababu mwanafunzi alitafuta neno hilo mtandaoni na kunakili lililokuja kwanza.

Kwa hiyo andika jina la kisayansi juu kabisa ya kila safu:

- Mbuni wa arabika: *Coffea arabica* L.
- Pengwini wa Afrika: *Spheniscus demersus* (Linnaeus, 1758)

Neno la kwanza ni jenasi, nalo huanza na herufi kubwa. La pili huanza na herufi ndogo daima, hata linapotokana na jina la nchi. Ukiandika kwa mkono, pigia mstari maneno yote mawili, kila moja na mstari wake.

Sasa angalia kinachofuata baada ya majina hayo, maana wengi hukinakili bila kukisoma. Wote wawili walipewa majina na mtu mmoja, Carl Linnaeus wa Uswidi, mbuni mwaka 1753 na pengwini mwaka 1758. Mbona basi yameandikwa tofauti? Kwa sababu wataalamu wa mimea na wataalamu wa wanyama wana kanuni mbili tofauti za kutoa majina. Kwa mimea, mtoa jina hufupishwa, na Linnaeus amebaki herufi moja tu, L. Kwa wanyama huandikwa jina kamili na kwa kawaida mwaka.

Mabano nayo yana maana. Linnaeus alimweka pengwini huyu kwenye jenasi *Diomedea*, pamoja na albatrosi. Baadaye alihamishiwa *Spheniscus*, na mabano ndiyo yanayotangaza uhamisho huo. Mbuni haukuhamishwa, kwa hiyo hauna mabano. Mmea ukihamishwa, wataalamu wa mimea humtaja na aliyeuhamisha: waridi la jangwa, ambalo wengi wanalipanda kwenye vyungu Dar es Salaam na Mombasa, ni *Adenium obesum* (Forssk.) Roem. & Schult.

Tahadhari. Ukichukua tawi Kagera au Uganda, huenda ni robusta, *Coffea canephora*. Hiyo ni spishi nyingine yenye hali nyingine ya uhifadhi. Muulize mwenye shamba kwanza.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu kwa nini safu moja ina mabano na nyingine haina.

## Hatua ya 2: Tazama kwa macho yako

Jedwali lililonakiliwa bila kutazama kiumbe husahaulika jioni hiyohiyo. Shika lile tawi. Majani yameota mawili mawili yakitazamana, yana ukingo usio na meno, yanang'aa upande wa juu. Sasa sogeza jicho karibu, hapo katikati ya vikonyo viwili vya majani yanayotazamana. Utaona kijipande kidogo cha pembetatu kimebana kwenye shina, upande huu na upande wa pili. Hiyo ni stipuli. Majani yanayotazamana yenye stipuli katikati ya vikonyo ni alama kubwa ya familia ya Rubiaceae, na ukishaizoea utaitambua familia hii hata msituni kwenye mmea usioujua jina.

Ua ni jeupe, petali zake zimeungana chini kuwa mrija na kuachana juu kama nyota, na lina harufu ya kukumbusha yasmini. Ovari iko chini ya petali; ndiyo inayovimba na kuwa tunda. Pasua tunda lililoiva: mbegu mbili, zimelaliana kwa upande ulio bapa.

Kwa pengwini, tazama picha. Manyoya anayo, ila ni mafupi na yamebanana kama magamba. Mabawa yamegeuka makasia. Ana mdomo mkavu usio na meno, naye hutaga mayai, kwa kawaida mawili. Huyo ni ndege bila shaka yoyote, hata kama haruki. Kifuani ana mstari mweusi uliojipinda kama kiatu cha farasi, na juu ya jicho ana ngozi ya waridi isiyo na manyoya inayomsaidia kupoza damu kwenye jua.

Tahadhari. Picha nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za pengwini wa Magellan kutoka Amerika Kusini. Huyo ana mistari miwili myeusi, mmoja shingoni na mwingine kifuani. Wa Afrika mara nyingi ana mmoja.

## Hatua ya 3: Jaza ngazi, kutoka pana kwenda finyu

| Ngazi | Mbuni | Pengwini wa Afrika |
|---|---|---|
| Domeni | Eukaryota | Eukaryota |
| Himaya | Plantae | Animalia |
| Divisheni / Faila | Tracheophyta | Chordata |
| Ngeli | Magnoliopsida | Aves |
| Oda | Gentianales | Sphenisciformes |
| Familia | Rubiaceae | Spheniscidae |
| Jenasi | *Coffea* | *Spheniscus* |
| Spishi | *C. arabica* | *S. demersus* |

Huna haja ya kukariri yote. Jifunze miisho, nayo itakuongoza. Familia za mimea huishia -aceae, za wanyama -idae. Oda za mimea huishia -ales. Oda za ndege huishia -iformes. Ukiona "Rubiidae" au "Spheniscaceae" kwenye kazi yako, umechanganya safu.

Penye utata ni divisheni na ngeli ya mmea. Kitabu chako cha shule kinaweza kusema Angiospermophyta na Dicotyledonae. Orodha Nyekundu inatumia Tracheophyta na Magnoliopsida. Wataalamu wa mimea wa leo, wanaofuata mfumo wa APG (kundi la wataalamu wanaopanga mimea ya maua kwa ukoo), hawazipi ngazi rasmi sehemu hizo za juu kabisa. Wao wanataja makundi ya ukoo tu mpaka wafike kwenye oda. Hakuna aliyekosea hapo. Kosa ni kuchukua divisheni ya mfumo huu na ngeli ya mfumo ule. Chagua mmoja, uandike chini ya jedwali ni upi. Kwa mtihani wa shule, fuata kitabu cha shule.

Utajua umefaulu kama kila mstari una ngazi ileile pande zote mbili, na mwisho wa kila jina unalingana na safu yake.

## Hatua ya 4: Soma jedwali linasema nini

Wanakutana wapi? Kwenye domeni tu. Seli za wote wawili zina kiini, na baada ya hapo njia zinaachana. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta "ufanano wa familia".

Kuna maneno mawili ambayo hayapaswi kuingia kwenye jedwali: "kichaka" na "ndege wa baharini". Kichaka ni umbo la kukua, mmea wa miti wenye matawi mengi kuanzia chini. Mbuni na waridi la jangwa wote ni vichaka, na familia zao ni tofauti. "Ndege wa baharini" ni namna ya kuishi. Shakwe yuko kwenye oda ya Charadriiformes, albatrosi yuko Procellariiformes, pengwini yuko Sphenisciformes, na wote wanakula baharini. Maneno hayo yaweke kwenye aya ya maelezo, chini ya "makazi na umbo".

## Hatua ya 5: Chukua hali ya uhifadhi kwa ukamilifu

Wengi huangukia hapa. Wananakili neno moja, "hatarini", na kuondoka. Hali ya uhifadhi ina sehemu tano, na moja ikikosekana huwezi kulinganisha.

Kwanza, kundi. Kutoka kwenye nafuu kwenda kwenye ubaya: wasiwasi mdogo (LC), karibu na hatari (NT), dhaifu (VU), hatarini kutoweka (EN), hatarini mno kutoweka (CR), aliyetoweka porini (EW), aliyetoweka kabisa (EX). Kuna pia data pungufu (DD), ambayo watu huisoma kama "salama". Si salama, maana yake hatuna ushahidi wa kutosha kuamua. Andika herufi za msimbo daima, kwa sababu tafsiri za Kiswahili hutofautiana, misimbo haibadiliki.

Pengwini wa Afrika ni CR. Mbuni wa arabika ni EN.

Pili, mwaka. Pengwini aliwekwa EN mwaka 2010, akashushwa kuwa CR mwaka 2024. Tovuti nyingi na vitabu vingi bado vinasema EN. Ukinukuu bila mwaka, msomaji hawezi kujua kama umechelewa.

Tatu, idadi gani inayohesabiwa. Orodha Nyekundu huhesabu viumbe wa porini, kwenye makazi yao ya asili. Mibuni ya Kilimanjaro, Mlima Kenya, Kolombia na Brazili haimo kwenye hesabu hiyo hata mmoja. Kinachohesabiwa ni mibuni inayojiotea yenyewe chini ya miti ya msitu kusini-magharibi mwa Ethiopia, hasa, pamoja na uwanda wa Boma nchini Sudan Kusini. Mlima Marsabit, Kenya, huorodheshwa pia. Ile sentensi ya "unalimwa kila mahali" inafia hapa.

Na kama unajiuliza mkulima wa Nyeri anahusika vipi na msitu wa Boma, anahusika sana. Arabika ya mashambani duniani imetokana na mimea michache, na kwa hiyo ugonjwa ukiingia unaikuta yote ina udhaifu uleule. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ilipoangamiza mazao Kenya, wataalamu walitafuta kinga kwenye mibuni ya aina ya Rume Sudan, ambayo asili yake ni uwanda huohuo wa Boma, wakaichanganya katika kuzalisha Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima miaka ya 1980. Msitu ukiisha, ghala ya kinga hizo limefungwa.

Nne, kigezo. IUCN hutumia vigezo vitano, A hadi E: kupungua kwa idadi, ufinyu wa eneo, idadi ndogo inayopungua, idadi ndogo sana, na hesabu za uwezekano wa kutoweka. Utakikuta kwenye ukurasa wa spishi kama msimbo unaoanza na herufi kubwa. Viumbe wetu wote wawili wako kwenye kigezo A.

Hapo ndipo ulinganisho unapopata utamu. Kigezo A kina namba ndani yake: 1 na 2 zinatazama nyuma, 3 inatazama mbele, 4 inashika pande zote mbili. Kupungua kwa angalau asilimia 30 ni VU, 50 ni EN, 80 ni CR, ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kipindi chochote kilicho kirefu zaidi. (Namba 1, ambapo sababu zimeshakoma na zinaeleweka, ina viwango vya juu zaidi: 50, 70 na 90.)

Kwa pengwini, ushahidi mkubwa ni viota. Vimehesabiwa koloni kwa koloni (yaani kila mahali ndege hawa wanapozaliana kwa kundi) kwa miongo kadhaa, na hesabu inashuka. Kufikia mwaka 2023 jozi zinazozaliana zilikadiriwa kuwa chini ya 10,000 duniani kote.

Kwa mbuni, ushahidi ni makadirio ya mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ukitathmini arabika ya porini bila kuingiza mabadiliko ya tabianchi, inaangukia wasiwasi mdogo. Ukiyaingiza, idadi yake inaweza kupungua kwa nusu au zaidi kufikia mwaka 2088, nayo inaruka hadi EN. Mmea uleule, msitu uleule. Kilichobadilika ni kuuliza habari za kesho.

Tano, mwelekeo. Unaongezeka, umetulia au unapungua? Wote wawili wanapungua.

Tahadhari. Usichanganye hali ya uhifadhi na ulinzi wa sheria. Pengwini wa Afrika yumo kwenye Kiambatisho II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori. Mbuni haumo. Hilo halimaanishi mbuni uko salama. Tishio lake si kusafirishwa kimagendo, ni kupotea kwa msitu na kupanda kwa joto.

Utajua umefaulu ukiwa na kundi, mwaka, idadi inayohesabiwa, kigezo na mwelekeo kwa kila kiumbe.

## Hatua ya 6: Linganisha sababu, kisha tiba

Usiandike "binadamu" ukaishia hapo. Eleza njia ambayo tishio linapita.

Pengwini anakula dagaa na samaki wadogo wanaotembea kwa makundi, hasa sadini na anchovi. Makundi hayo yamepungua na mengine yamehama mbali na visiwa anakozaliana, na meli za uvuvi zinawania yaleyale yaliyobaki. Kila mwaka pengwini hubadilisha manyoya yake yote kwa mpigo mmoja. Kwa takriban wiki tatu hawezi kuingia majini, anasimama ufukweni akiishi kwa mafuta ya mwili. Asiponenepa kabla, anakufa njaa amesimama. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini uhaba wa samaki unamuua haraka namna hii. Ongeza mafuta ya meli: mwaka 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, na pengwini wapatao 19,000 wakakusanywa wakiwa wamelowa mafuta.

Mbuni wa porini hauwezi kukimbia. Joto likipanda, mahali panapoufaa panapanda mlima, na mlima una kilele. Msitu nao unakatwa kwa mashamba, kwa hiyo hata njia ya kupanda inakatika.

Tiba zinafuata sababu. Mwezi Machi 2025, Mahakama Kuu mjini Pretoria ilithibitisha makubaliano ya kuzuia uvuvi wa sadini na anchovi kuzunguka koloni sita kwa miaka kumi. Kwa kahawa, maeneo ya Kafa na Yayu nchini Ethiopia yametambuliwa na UNESCO tangu 2010 kama hifadhi hai. Usipendekeze kwa wepesi "tuhifadhi mbegu kwenye jokofu": mbegu za kahawa hazivumilii kukaushwa na kugandishwa kama za mahindi, kwa hiyo hutunzwa kama mimea hai shambani au msituni.

## Hatua ya 7: Andika aya ya ulinganisho

Anza na uainishaji, kisha hali, kisha sababu. Hii ni aya ambayo ningeipa alama zote:

> *Coffea arabica* (Rubiaceae, Gentianales) na *Spheniscus demersus* (Spheniscidae, Sphenisciformes) wanakutana kwenye domeni ya Eukaryota tu. Arabika ya porini ni EN, na pengwini wa Afrika ni CR tangu 2024. Wote wametathminiwa kwa kigezo A, lakini ushahidi wa pengwini ni hasara iliyokwisha kuhesabiwa kwenye viota, na wa mbuni ni hasara inayotarajiwa tabianchi ikibadilika. Wingi wa mibuni mashambani hauingii kwenye tathmini hii.

Kabla ya kukabidhi, mpe mtu asiyesoma biolojia aisome kwa sauti. Kisha muulize swali moja: kati ya hawa wawili, ni yupi ambaye sehemu kubwa ya hasara yake bado haijatokea? Akijibu "mbuni", kabidhi kazi yako. Akisita, rudi kwenye Hatua ya 5, sehemu ya nne, uandike upya sentensi ya tatu.